Cheti cha Afya Kimekufa Kabla ya Viza

Mpendwa Mama Agathe,

Kwa masikitiko makubwa, Baudouin, fundi wa frigo wa kartie Saio hapa Bunia, anawatangazia ndugu, marafiki na wateja wote, wanaolipa na wasiolipa, kifo cha cheti chake cha afya, kilichozaliwa Kampala mikononi mwa daktari anayekubaliwa na Kanada, na kufariki kikiwa na umri wa mwaka mmoja bila kuiona Kanada yenyewe. Marehemu hakuugua. Tarehe ilimfikia tu. Matanga iko karakanani kwangu, na watakaokuja wakae juu ya frigo zilizokufa, maana viti ni vichache.

Naomba ucheke kidogo, Mama, kisha unisaidie kama unavyowasaidia wengine wanaokuandikia, kwa sababu mimi nimeshacheka peke yangu nikachoka na sasa nimebaki na kichwa kinachouma.

Mke wangu Rebecca yuko Kanada, huu ni mwaka wa nne, anafanya kazi ya kutunza wazee, na alifungua dosie, faili ya kutuombea viza, ili mimi na watoto wetu wawili, Plamedie binti yetu mkubwa na Davy mdogo wake, tumfuate, na tangu siku ya kwanza alinipigia simu akanionya kama mtu anayemwonya mtoto asiguse jiko: "Baba Plamedie, mambo ya daktari usiguse mpaka barua itoke. Majibu yake inaishi mwaka moja tu. Ikipita, unapimwa tena na unalipa tena." Nikamwambia nimesikia. Na kweli nilisikia, shida yangu haikuwa masikio.

Sasa, siye mafundi pamoja na wauza vipuri tuko na likelemba, kila mwezi wote wanatoa, mmoja anabeba, na zamu yangu ya kubeba, pesa ambayo Rebecca aliichangia kwa ajili ya daktari, ikafika kabla ya barua, na weye unaijua Bunia, siku ya kubeba likelemba hata shangazi uliyedhani ameshazikwa anapiga simu kuuliza kama umeamka salama. Kaka yangu mkubwa, yaya Kamate, ndiye alitangulia. Alinikuta bado nafunga karakana.

"Mudogo wangu, nasikia Mungu amekukumbuka."

"Yaya, Mungu bado anatafuta nambari yangu."

"Basi umupe ile yangu, anipitishie. Mahari ya Didier imebaki kidogo tu."

Didier ni mtoto wake wa kwanza, alikuwa anataka kuoa. Nikamwambia yaya pesa imeshakwenda Kampala kwa daktari wa Kanada. Ulikuwa uongo, lakini ulinitoka mtamu kiasi kwamba niliamua kuufuata. Wengine wakibeba likelemba wanageuza pesa kuwa mabati au matofali, ili anayekuja kuomba aombe tofali. Mimi niligeuza ya kwangu kuwa picha ya kifua. Nikamwambia Rebecca nakwenda kutafuta kompresa ya frigo, nikapanda gari ya Mahagi, nikavuka mpaka, nikafika Kampala, wakanitoa damu, wakanipima mkojo, wakanilaza, wakaniinua, wakaniuliza magonjwa ambayo sikujua hata kama yanafika kwetu Ituri, na ili nisiwe muongo kamili kwa mke wangu nikanunua kweli kompresa, ambayo mpaka leo haijawahi kuwaka. Pesa ambayo ingetutosha watatu ikamalizwa na mtu mmoja na chuma chake.

Nilirudi nikijiona mjanja. Nilifikiri dosie itakwenda haraka, barua itoke, mimi niseme, "Lo, mimi tayari." Dosie ikalala. Mwaka ukapita. Cheti kikafa.

Wiki iliyopita barua imetoka, Mama. Siku thelathini, tupimwe wote watatu. Rebecca alinipigia analia kwa furaha, akasema ameshaona nyumba yenye chumba cha Plamedie na dirisha, kisha akauliza, "Ile pesa ya likelemba ya daktari iko?" Nikajibu, "Iko." Neno dogo hivyo. Lilitoka lenyewe, na tangu siku hiyo linanitazama nikila.

Sasa Serge, kijana mwenye duka la mashine za kuchapa karatasi pale karibu na sisi, amejitolea kunisaidia. "Papa Plamedie, leta ile karatasi ya Kampala. Tarehe ni nini? Ni namba tu. Unakunywa chai, ukimaliza umeshapimwa mwezi huu." Anasema ya watoto itaonekana mbele ya safari. Yaya Kamate naye siku hizi ana lori la mbao na angeweza kunikopesha, lakini ndoa ya Didier ilichelewa kwa sababu yangu, na yaya kila akipita karakanani ananisalimu, "Jambo, Mukanada," halafu anakwenda zake. Rebecca anafanya kazi mbili. Kumwomba atume tena ni kumwambia kwamba nilikula safari yake. Nisipopima, wanaweza kuifunga dosie, na nitamwambiaje Plamedie, ambaye ameshaaga darasa zima?

Nimchague nani, Mama: Serge, yaya, au ukimya? Ukiweza unijibu bila kunitukana sana, lakini kidogo nimezoea.

Baudouin wa Saio

*

Baba Plamedie,

Pole ya msiba. Sasa kunja mkeka, matanga imekwisha, kuna kazi.

Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikatamani uwe karibu nikuvute sikio. Mke alikuambia usiguse, ukagusa. Kaka alikuomba, ukamwambia uongo, halafu kwa heshima ya uongo wako ukasafiri mpaka nchi nyingine! Mabati yangekaa juu ya nyumba hata miaka kumi. Weye ulinunua kitu kinachooza, na ulikuwa umeambiwa kinaoza.

Serge kwanza. Karatasi hiyo usimpe, na chai yake usinywe. Daktari wa Kampala hakuwa anakuandikia weye, alikuwa anawaandikia wao, na majibu aliyatuma mwenyewe kwa mashine. Tarehe ya kweli wanayo. Karatasi uliyo nayo ni ya kukukumbusha tu kwamba ulifika. Ukiibadilisha, kosa la kuchelewa linakuwa kosa la kudanganya, na kwa kudanganya wanaweza kukufungia mlango miaka mingi. Kuchelewa kunaelezeka. Rebecca aliona chumba chenye dirisha, weye unataka kuliziba kwa tofali?

Mpigie leo. Si Jumapili, si ukishapata suluhisho, leo. Mwambie pesa haiko. Atapiga kelele, muache apige, ana haki, na simu ni yake. Akishapoa, yeye mwenye dosie aiandikie ofisi kule, aeleze kwamba mnahitaji muda zaidi, na aandike kabla siku walizotoa hazijaisha. Wanaokataliwa wengi si wale walioomba muda, ni wale walionyamaza wakitumaini ofisi nayo itasahau.

Halafu uende kwa yaya yako. Usifike na shida ya pesa mkononi kama risiti. Fika na samahani ya Didier, kaa, nyamaza, umwache akuite Mukanada mpaka achoke. Kisha ndipo uombe. Useme ni mkopo, na useme utalipa na nini.

Pesa ikipatikana, usikimbilie gari. Mpigie daktari kwanza, mmoja wa wale walio kwenye orodha yao wenyewe, si yule anayetangazwa na kijana mlangoni. Umuulize bei ya mtu mzima na bei ya mtoto, siku anazopokea, na karatasi anazotaka. Mchukue randevu, yaani miadi, ya watu watatu kwa siku moja, mwende safari moja, mlale mara chache. Mbebe pasipoti, ile barua mpya, kadi za chanjo za watoto, na kama mtu anatumia dawa yoyote aibebe na pakiti yake. Na tafadhali, uwazuie mashangazi. Najua hapa kwetu mtu akiambiwa anakwenda kupimwa, wanamnywesha majani machungu wiki nzima "kusafisha damu", halafu anafika kwa daktari anaharisha. Watoto wale wali, wanywe maji, walale.

Nimemaliza ya safari. Bado kuna kitu kinanikera, na nitakuambia kwa sababu uliniruhusu kukutukana kidogo. Hadithi yako ya likelemba inachekesha, lakini haitoshi. Mtu anayeficha pesa kwa ndugu ananunua saruji pale sokoni na saa sita yuko nyumbani anakula. Havuki mpaka peke yake, akiwaacha watoto, ili apimwe yeye tu. Kama nia yako ilikuwa kumaliza mambo ya daktari, mbona hukuwapeleka Plamedie na Davy wakati ule pesa ilitosha? Mimi sihitaji jibu. Rebecca analihitaji. Ukimpigia, usimpe lile la kuchekesha.

Mama Agathe

*

Mama Agathe,

Umenishika. Nakuandikia sasa bila tangazo.

Kabla ya frigo nilikuwa Mongbwalu. Kijana, nguvu nyingi, akili kidogo, tulikuwa tunaponda mawe ya dhahabu na vumbi lake tulikuwa tunalila kama unga. Niliponda pamoja na Julien, tulikula sahani moja, tukalala chumba kimoja. Mimi nilitoka, yeye alibaki. Julien alikufa kwa kifua mwezi ule ule zamu yangu ya likelemba ilipofika. Nilirudi kutoka mazishi nikaanza kujisikiliza. Nikipanda kilima cha Saio nahesabu pumzi. Nikilala naweka mkono kifuani.

Niliwaza hivi: barua itatoka, tutakwenda wote, watapiga picha, wataona kitu ndani yangu, na watoto watazuiwa kwa ajili yangu, mbele ya macho yao. Bora nijue kwanza, peke yangu. Na hapa Bunia sikuweza, kwa sababu katika chumba cha picha za kifua nilichokijua anafanya kazi Suzanne, mke wa yaya Kamate. Ukikohoa mbele yake asubuhi, jioni kanisa limeshakuombea. Pesa ya mahari sikumnyima yaya kwa uchoyo. Niliogopa kumwambia ya nini.

Daktari wa Kampala alitazama picha akasema, "Kifua kizuri," kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi nikalia mpaka mlinzi akaniletea maji, alifikiri nimeambiwa ninakufa. Ningempigia Rebecca pale pale. Lakini ningesema nini? Kwamba nafurahi kwa ajili ya kitu ambacho sikumwambia ninakiogopa? Nikanunua kompresa.

Siku ile nilipopata jibu lako nilimpigia. Nilimwambia yote. Hakupiga kelele, hilo ndilo lilinitisha.

"Na kama wangeona kitu?" akauliza.

"Ningekuambia uchukue watoto, miye nibaki."

"Ungeniambia kweli? Ao ungeninunulia kompresa ingine?"

"Sijui, mama."

Ndipo kelele zikaja. "Weye! Miaka mine niko huku na hii baridi, nasukuma wazee wa watu, ile siku niliandika jina yako kwa dosie hawakuniuliza kifua yako iko namna gani! Na weye unakaa pale unajichagulia kubaki!" Alilia, nikalia, Davy akaja kuuliza nani amekufa. Halafu Rebecca akasema ataandika kwa ofisi siku hiyo hiyo, na niende kwa yaya kabla hajampigia yeye mwenyewe.

Nilikwenda. Nilianza na samahani ya Didier, kama ulivyosema, kisha nikamwambia ya Julien. "Mupumbavu weye," yaya Kamate akasema. "Ungesema kifua, ningekuongezea juu. Ulisema Kanada, nikakasirika." Suzanne aliyekuwa anapepeta mchele pale akasema yeye hata siku moja hajapeleka jina la mgonjwa kanisani. Yaya akamwambia aache uongo mbele ya wageni. Pesa alinipa, nitamlipa kidogo kidogo, kwa kutengeneza frigo.

Ofisi ilituongezea muda. Tumekwenda Kampala watatu na tumerudi. Plamedie amepigwa picha, Davy hakupigwa kwa sababu bado mdogo, amekasirika njia nzima mpaka Mahagi. Mimi wamenipiga upya. Safari hii hawakuniambia kama kifua ni kizuri, walisema majibu yanakwenda kule moja kwa moja, nasi tungoje. Nimerudi kwenye kuhesabu pumzi. Rebecca akiamka kule, huku ni mchana, anapiga simu kabla hajavaa viatu vya kazi, anauliza kama nimelala vizuri, nami ninamwambia ukweli, kwamba sikulala.

Baudouin