Kiti cha Matroni

Jumatatu, 9 Juni
Zamu ya asubuhi. Leba imejaa, glavu zimekwisha tena. Joanitha, binamu yangu muuguzi wa huko Ireland, katuma ujumbe wa sauti. Nilimwambia tumeanzishiwa baraza la wauguzi, tuamue mambo ya wodi wenyewe, Ijumaa tunakaa mara ya kwanza. Kacheka. Kwao wanalo miaka yote: wanakunywa chai, wanapiga kura, kisha wakubwa wanafanya wanavyotaka. Rafiki yangu wa Masaka, Uganda, naye kasema hivyo hivyo. Haya. Na sisi tutakunywa chai.

Jumatano, 11 Juni
Resti, binti wa visiwani, mimba ya kwanza. Anasubiri uchungu hapa hospitalini, yuko na mama yake. Kaniuliza kama mama ataingia naye leba. Nikamwambia sheria ya Matroni, mkuu wetu wa wauguzi: ndugu wanabaki nje. Akalia. Dada yake aliingia leba mahali pengine, peke yake, hakutoka.
Nimekasirika. Na Matroni ninampenda, ndiyo shida. Yeye ndiye aliyenifundisha kupokea mtoto.
Nimepeleka hoja barazani: kila mzazi aingie na ndugu mmoja. Resti nimemwambia asubiri Ijumaa.

Ijumaa, 13 Juni
Aibu tupu. Tangu juzi korido yote ilikuwa upande wangu. Leo Matroni kasimama: leba ni nyembamba, ndugu watatukanyaga, yeye anapinga. Akanyoosha mkono. Mikono yote ikafuata. Na wangu! Mwenye hoja! Umpinge mama mtu mzima, tena unamtazama usoni? Mkono ulipanda wenyewe.
Matroni akatuangalia mmoja mmoja. Hakufurahi hata kidogo.
"Hii si kura," akasema. "Hii ni shikamoo."
Kura kaiahirisha hadi Jumanne.

Jumapili, 15 Juni
Misa sikuisikia. Resti kiuno kimeanza kumuuma. Mama yake kanipikia ndizi kwa samaki. Nimekula bila kumtazama.

Jumanne, 17 Juni
Mawe, mama wee! Sijawahi kuona.
Matroni karudia sababu zake zote, hakulegeza hata moja. Kisha kakigeuza kiti chake, kakaa akielekea dirishani, mgongo kwetu. "Wanaounga mkono hoja wanyooshe. Katibu ahesabu. Mimi natazama migomba."
Nikanyoosha. Nikadhani niko peke yangu. Kugeuka, mikono kila mahali. Hata yule mwoga wa wodi ya watoto!
Katibu akatangaza: imepita. Matroni imemuuma, nilimwona mabega yakishuka. Kisha akageuka.
"Haya, waitu, wenzangu. Mmenishinda. Tunaanza kesho."
Tunasema ukubwa ni jalala, na jalala hupokea kila kitu. Lakini kupokea kushindwa namna ile? Viongozi wanaojua kushinda nimewaona wengi. Huyu namvulia kofia.

Alhamisi, 19 Juni
Uchungu wa Resti umeanza asubuhi. Mama yake kaganda mlangoni, haamini kama anaruhusiwa. Mimi mikono yote miwili ina kazi, nashindwa kumvuta. Resti anaita, "Mama! Mama!"
Mara mlango ukasukumwa kwa kiti. Matroni. Kabeba kile kiti chake cha ofisini, anahema, kakiweka karibu na kichwa cha kitanda.
"Mama, kaa hapa. Mshike mwanao mkono. Nesi mwache afanye kazi, usimguse."
Akakaa. Resti akanyamaza, akaanza kusukuma vizuri.
Leba ni nyembamba kweli. Kile kiti kimeniumiza goti mara kadhaa. Hapo Matroni alisema kweli.
Mtoto wa kike. Sauti kama ya mnada. Bibi kalia kuliko mjukuu.

Ijumaa, 20 Juni
Siku ya kawaida. Resti analala, mtoto ananyonya.
Joanitha kauliza baraza letu limeishia kwenye chai? Nimemwambia chai hata haikuwepo.
Mchana nimepita kwa Matroni kuomba glavu. Anaandika ripoti amesimama, karatasi juu ya kabati. Miguu imemvimba, umri ule.
Nikamuuliza, "Mama, nikurudishie kiti?"
Hakuinua kichwa.
"Kwani baraza limeamua kirudi?"
Akanipa glavu. Nikarudi leba.