Jani la Salma Msikitini

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Itikia marahaba huko huko Wete, mimi huku Maskati nitaisikia. Mgongo vipi? Na ile dawa ya kuchua inakusaidia, au ushaigawa kwa majirani kama kawaida yako? Sisi wazima, alhamdulillahi. Salma ana meno manne na anauma.

Nnakuandikia kwa sababu siku ile simu ilikatika mimi nnalia, na nnajua ulikaa ukifikiri Makame kanipiga. Hata! Mume wangu hana kosa lolote. Kosa lilikuwa la mjukuu wako, na sasa liko msikitini.

Sikiliza. Bibi Thuwaiba, huyu mwenye nyumba ambaye Makame anamwendeshea gari na mimi nnamsaidia ndani, anajenga msikiti hapa mtaani Azaiba kwa ajili ya marehemu mumewe. Anatoa yeye peke yake. Lakini nakshi za kuzunguka mihrabu, pale anaposimama imamu, zilimshinda kuchagua. Fundi wa plasta, Mmoroko mmoja mpole, alimletea michoro mpaka akachoka. Bibi kila mmoja anausukuma: "Mzuri, lakini sijaupenda."

Basi siku ya harusi ya mpwa wake nikampaka hina. Nikamchorea ule mzabibu ulionifundisha wewe, unaopanda mpaka karibu na kiwiko. Hina haijakauka, Salma akatambaa akamshika mkono, pa! Bibi alikuwa anasinzia, hakuhisi kitu. Nikafuta mbio mbio, doa likabaki, nikaligeuza jani. Jani lenyewe limepinda, linatazama chini na wenzake wote wanatazama juu. Nikanyamaza.

Bibi akarudi kutoka harusini anajiangalia mikono kama bi harusi ni yeye. Asubuhi akamwendea fundi, akamnyooshea mkono: "Nnataka hivi!" Fundi akaupiga picha.

Baada ya siku chache nikawapelekea mafundi chai. Mama, nikaliweka sinia chini. Mzabibu wangu umechorwa ukutani kwa penseli, kushoto na kulia, na kila unapozunguka, jani limepinda! Kesho yake fundi anaanza kuchonga.

Ndipo ulipopiga simu ukanikuta nnalia. Nikinyamaza, doa la mtoto litakaa nyumba ya Mungu, kwa mali ya mjane aliyeniamini. Nikisema, atajua nilimficha, na nyumba inayokuacha ufanye kazi na mwanao mgongoni huipati mara mbili.

Makame akaniambia, "Nyamaza, Zuhura. Nani atajua?"

"Mimi. Nitakuwa nnasali pale."

Nikamkuta bibi ukumbini na mjukuu wake Rahma, yule msichana wa sekondari, anadurusu mtihani kwa sauti. Kasomeshwa habari za Wataliani wa zamani. Anasema wachoraji wao hawakuwa wakichora wapendavyo, walikuwa wakilipwa na maaskofu na matajiri. Tajiri akitoa mali kupamba kanisa, hutaka na yeye achorwe humo humo, kapiga magoti pembeni na joho lake la fahari, watu wamwone.

"Na wewe bibi ungekaa upande gani?" Rahma akamchokoza.

"Astaghfirullahi! Kwani Mungu hanijui mpaka anione ukutani?"

Walipokuwa wanacheka, nikapiga magoti nikasema yote. Rahma akasema, "Ee, huyu naye kama wale wa kitabuni!" Bibi hakucheka. Alimtazama Salma mgongoni kwangu. Halafu akasema, "Nipe huyo mtoto."

Akamkalisha mapajani, akamfungua vidole, akaviweka juu ya mkono wake ambao hina ilishaanza kufifia. "Kumbe ni wewe! Wenzako wametoa mali nyingi wakakaa pembeni. Wewe umejiingiza bure, tena mbele ya imamu!" Hapo akacheka mpaka machozi. Akanigeukia mimi: "Na wewe, mara nyengine ukiharibu, niambie siku ile ile. Mimi si simba." Akampigia simu fundi palepale: "Lile jani usilinyooshe."

Kuna zaidi. Fundi kanitaka nichore na upande wa wanawake! Mama, karatasi inatisha. Mkono wa mtu una mifupa inakuongoza, karatasi imelala tu. Nikajichora kwa hina mguuni kwanza, Makame kamshika Salma mbali kabisa, ndipo nikanakili karatasini. Fundi kauchukua mchoro kama ulivyo. Kaniuliza ua nililoliweka katikati linaitwaje, nikamwambia sijui, la mama.

Jana mihrabu imekwisha. Msikiti haujafunguliwa, sakafu bado vumbi tupu, lakini bibi kaniruhusu. Nikatandika khanga, nikasali rakaa mbili. Nilisali vizuri, mama. Sikuogopa kitu.

Msalimie baba, mwambie Salma kachukua paji lake la uso na ubishi wake. Msalimie dada yangu Asha, hongera kwa mapacha, nisamehe sijampigia. Mjomba mwenye duka mwambie barua hii asiisome kwa wateja. Na shangazi, asiyeamini kitu mpaka akione, kama atauliza jani linaonekana ukiwa mlangoni, mjibu: linaonekana.

Nakubusu mikono yote miwili,

Mwanao Zuhura, mama Salma