Mgongo Wangu na Jina la Kwandu

Jumatatu, 12 Juni 1995
Asubuhi tulipakia pamba kwenye mkokoteni. Mume wangu Ngassa upande mmoja wa gunia, mimi upande wa pili. Kitu kikakatika kiunoni. Nikabaki nimeinama, kunyooka siwezi, kukaa siwezi. Mume wangu anasema nisideke, mnunuzi hasubiri. Tangu chama cha msingi cha ushirika kiache kununua ni mbio tu – wafanyabiashara wanakuja na mizani yao, wanapima, wanahamia kijiji kingine. Gunia lenyewe Ngassa alilishindilia kwa miguu mpaka likawa kama jiwe. Alimwita kaka yake, Mashimba, wakalipandisha. Mimi nikatambaa mpaka ndani.

Jumatano, 14 Juni
Kila anayeingia ana sababu yake. Mama mkwe anasema ni baridi ya alfajiri. Shemeji Mashimba anasema ni kitanda, kamba zimelegea. Wa kanisani wanasema ni uzazi. Hakuna aliyetaja jembe! Tangu mvua za kwanza nimepalilia pamba nimeinama, mpini mfupi kama mkono wa mtoto. Maji ya lambo ndoo kichwani, kuni kichwani. Ng'ombe na mkokoteni tunao, lakini hivyo ni vya pamba.

Ngassa ameleta vidonge kutoka duka jipya la dawa pale mnadani. Muuzaji hakuuliza hata panauma wapi. Nimemeza, sasa na tumbo linawaka.

Mchana alikuja jirani yetu, bibi Kwandu, yule mjane. Alichemsha maji, akakamua kitambaa, akanikanda kiuno taratibu. Akaniwekea nguo zilizokunjwa chini ya magoti. Nikapata usingizi. Mama mkwe alisimama mlangoni muda wote. Salamu ya Kwandu hakuiitikia.

Jumamosi, 17 Juni
Wamekwenda kwa mganga bila kuniambia. Mama mkwe na Mashimba. Wakabeba kuku wetu, akapasuliwa, mganga akasoma humo ndani kwamba mgongo wangu umefungwa na mwanamke mzee, jirani, mwenye macho mekundu.

Macho mekundu. Nani hapa Mwamapalala hana macho mekundu? Kuni zimekwisha, tunapikia mavi ya ng'ombe na mabua ya pamba, moshi unatuingia tangu usichana. Ya mama mkwe ni mekundu zaidi. Nimemwambia Ngassa hivyo hivyo. Akanyamaza. Kunyamaza kwake kumenichoma kuliko hao waliokwenda kwa mganga. Anajua kinachompata bibi kizee akishatajwa kuwa mchawi. Yule wa ng'ambo ya mto walimfuata na mapanga, na hadi leo hakuna aliyeulizwa.

Jumatatu, 19 Juni
Nilisema sitakunywa dawa ya mganga, nataka zahanati. Ngassa akanipeleka kwa mkokoteni, kila shimo la njia nikilisikia mgongoni.

Tabibu Januarius hakuwa na haraka. Alinilaza, akaninyanyua mguu mmoja mmoja, akauliza kama miguu inakufa ganzi, kama mkojo naushika. Nikasema naushika. Basi ni misuli na mishipa imevutika, akasema. Nisilale kutwa, nitembee kidogo kidogo. Nikandwe na maji ya moto – alichofanya Kwandu! Nikiokota kitu nipige magoti, nisikunje mgongo, na mzigo niukumbatie karibu na kifua. Jembe liwekewe mpini mrefu. Magunia niyaache kabisa. Miguu ikifa ganzi au mkojo ukinishinda, nikimbizwe hospitali Bariadi siku hiyo hiyo.

Ngassa akauliza nitapumzika mpaka lini.

"Mpaka mgongo ukubali," tabibu akamjibu. "Ng'ombe unao. Maji yabebwe na ng'ombe."

Ngassa akacheka, kana kwamba ni utani.

Njiani nikamwambia, umesikia chanzo chake.

"Nimesikia. Lakini gunia lile lile na mimi nililishika. Mbona mimi sikuumia?"

Kwa sababu wewe hukupalilia, nikamwambia. Akawachapa ng'ombe.

Jumatano, 21 Juni
Yowe limepigwa asubuhi. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wamekaa uwanjani na pinde zao, bibi Kwandu wamemkalisha chini katikati. Wananisubiri mimi nitoe ushahidi. Mama mkwe amekuja kunifundisha maneno. Anasema nisiongeze wala nisipunguze, niseme tu kwamba Kwandu alinishika kiuno.

Nikamjibu, "Nitasema, mayu. Alinishika. Nikalala. Halafu nitasema ni nani aliyeniambia niinue lile gunia."

Ngassa alikuwa anafunga viatu. Akainua uso.

"Utanitaja mimi mbele ya watu?"

"Wewe hawatakukata panga."

Mama mkwe akatoka, akaubamiza mlango. Ngassa akabaki ananitazama. Nilidhani atanipiga. Hakunipiga. Naye ametoka, na sasa namsikia nje anawafunga ng'ombe nira. Kama ni kunipeleka uwanjani au ni kupeleka pamba, sijui, na sitamuuliza. Nimeshapiga magoti kama tabibu alivyonionyesha, nimeshika ukuta, nimesimama. Mguu wa kushoto unavuta mpaka kisiginoni. Uwanja si mbali. Nikianza sasa nitafika kabla hawajamhukumu.