Sikuanguka Kwenye Kona ya Jiwe Jeupe

Kamachumu, 12 Machi 1989

Kwako mdogo wangu Protase,

Tumsifu Yesu Kristo. Naanza na salamu kwa sababu mama alitulea hivyo, si kwa sababu moyo wangu unazo. Mimi mzima. Celina mzima, ila kila jioni anakwenda kusimama pale kwenye mibuni kumsubiri baba yake. Wewe sijui u hali gani, na leo sitauliza.

Bundala muuza samaki ameniambia uko Bumbire, unavuta nyavu za watu. Kumbe unaweza kukaa kisiwani ukala samaki na huku mume wangu yuko chini ya migomba. Hata matanga hukungoja yaishe. Ulituaga kwa mgongo, baiskeli ukawaachia ukoo wa marehemu kama mtu aliyekiri kosa.

Nilikukabidhi mume wangu Kagaruki umshushe barabara kuu, apande basi la Bukoba akapimwe. Alikuwa mgonjwa, sikatai, lakini alikuwa anaongea na uji anakunywa. Nilikuambia kwa mdomo wangu umshushe polepole. Wewe ukashuka kwa ule mwendo wako wa sifa, wa kuserereka konani mpaka vumbi linapanda juu ya migomba na watoto wanakushangilia. Ukamwangusha kwenye kona ya jiwe jeupe. Alirudi kutoka Bukoba sauti hana, na hakuona mwisho wa mwezi.

Ukoo wote unasema ni baiskeli iliyomuua. Shemeji yangu Pastory alilisema hilo kaburini mbele ya katekista, nami nikaitikia.

Kama una jibu, jibu. Kama huna, kaa huko huko na samaki wako.

Dada yako,
Eufrazia


Bumbire, 2 Aprili 1989

Kwa dada yangu Eufrazia,

Milele amina. Salamu yako nimeipokea ingawa umeitupa kama maganda ya ndizi. Mimi ni mzima wa mwili. Msalimie sana Celina, mwambie mjomba anamkumbuka.

Dada, sikuanguka. Narudia, maana naona siku hizi mna masikio ya kuchagua: sikuanguka. Niliserereka. Hayo ni mambo mawili, na asiyeyajua asinihukumu. Anayeanguka hakutaka. Mimi nilitaka.

Mteremko ule naushuka tangu wakati wa vita, nilipokuwa nashusha magunia ya unga kwa wakimbizi wa Missenyi waliolala kwenye madarasa kule chini. Nimeshusha kahawa, nimeshusha ndizi, nimeshusha pombe ya rubisi kwenye madumu bila kumwaga. Na tangu mwaka juzi nashusha wagonjwa kuliko ndizi, unajua mwenyewe. Uliza kijiji kizima, nani nilimwaga?

Baiskeli yenye mtu nyuma haiendi kama baiskeli ya kwenda kanisani. Uzito wote uko kwenye keria, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, ukikamata breki ya mbele ndani ya kona umekwisha. Breki unazishika kabla, barabara ikiwa bado imenyooka, halafu unaziachia. Kona ikielekea kushoto, mguu wa kulia unakanyaga pedeli hadi chini, unausimamia huo, na baiskeli unailaza kushoto wewe mwenyewe ukibaki wima. Macho hayaendi korongoni. Ukilitazama korongo utaingia, kwa nini sijui, lakini ndivyo ilivyo. Unatazama pale kona inapoishia. Changarawe zikianza kukimbia chini ya tairi la nyuma, hushtuki. Usukani unaupeleka kidogo kule nyuma inakoelekea, mguu wa kushoto unagusa ardhi, na baiskeli inarudi yenyewe.

Siku ile nilishuka polepole kama ulivyoagiza. Nilimfunga muramu wangu, mumeo, mgongoni kwangu kwa lile shuka lenu la bluu, nikamwambia atazame juu ya bega langu la kushoto. Tunaingia konani, tunakuta mbuzi wa watu wamejaa barabara nzima, na kulia ni korongo. Basi nikaikamata breki ya nyuma kwa makusudi. Tairi likajifunga, nyuma ikazunguka, tukasimama tumekingama barabarani, mguu wangu wa kushoto chini. Vumbi likapanda. Bundala alikuwa chini anapandisha samaki, akaliona vumbi, akafika gulioni na kusema tumekwisha. Nimemuuliza hapa hapa Bumbire, anakiri kwamba zaidi ya vumbi hakuona kitu.

Muramu hata kofia haikumtoka. Alicheka, Eufrazia. Alicheka mpaka akakohoa, akaniuliza kama naweza kurudia.

Nenda kaitazame baiskeli yangu waliyoizuia. Iliyoanguka kwenye changarawe haifichi. Tazama upande wa kushoto: mshikio wa usukani, pedeli, mkono wa breki, rangi. Kisha tazama tairi la nyuma, utakuta limelika mahali pamoja tu, mpaka nyuzi zinaonekana. Hapo ndipo nilipouokoa uhai wa mumeo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kuna neno muramu aliniachia nikupe. Siliandiki, barua hizi zinapita mikono mingi. Siku ya mazishi nilikuja nikunong'oneze, ukanitemea mate mbele za watu. Ndiyo maana niliondoka.

Mdogo wako,
Protase


Kamachumu, 20 Juni 1989

Kwa Protase,

Habari za siku nyingi. Huku mvua zimekoma, kahawa zinaiva, Celina alishikwa na homa na sasa amepona.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na kwa sababu baiskeli yako imefungiwa stoo kwa Pastory. Sijaiona. Usiniandikie tena mambo ya pedeli.

Ukoo umekaa. Wamesema Kagaruki alikufa kwa ajali, hakuna ubaya wowote nyumbani, kwa hiyo hakuna cha kuzuia mila. Pastory atanirithi kahawa ikishavunwa. Nina mtoto wa kike tu, nikikataa natoka kwenye kibanja hiki nilichokilima kwa miaka yote tangu niolewe, migomba niliyoipanda mwenyewe niiache kwa watu wasiojua hata jina la mgomba mmoja. Walinieleza wakiwa wanakunywa rubisi yangu, tena niliwamiminia mimi.

Mke wake Bernadeta ameambiwa anitandikie chumba. Amekuja kuniuliza napenda nyasi za kutandika sakafuni ziwe nyingi au chache. Aliuliza hivyo tu, akaondoka.

Sasa niambie neno aliloliacha mume wangu. Liandike lote.

Dada yako,
Eufrazia


Bumbire, 1 Julai 1989

Dada,

Pole kwa homa ya mtoto. Pole kwa yote. Barua hii Bundala anaileta chini ya sangara wabichi, na atakayeifungua njiani avumilie harufu.

Siku muramu aliporudi kutoka Bukoba nilimpokea kwenye basi. Kupanda hatukuweza kuendesha. Nilimkalisha kwenye keria nikaisukuma baiskeli, yeye ameniegemea begani. Tulikwenda hivyo mpaka kwenye kona ya jiwe jeupe. Hapo aliniomba tupumzike, akaninong'oneza, "Ni ule ule. Mwambie dada yako nikishazikwa, si kabla. Naogopa kumwona akijua."

Ndilo neno lenyewe. Ule ugonjwa tulioanza kuuita Juliana kwa jina la mashati ya magendo, tukicheka, kabla hatujajua kuna cha kulia.

Na Pastory alijua, muramu aliniambia; alikuwa amemtangulia Bukoba. Yeye ndiye aliyepokea majibu, alimsindikiza hadi ndani kwa mganga mkuu. Akarudi, akasimama kaburini, akasema ni baiskeli. Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawa wamepata njia ya mkato: kifo wamekifunga kwenye keria yangu. Wagonjwa wangu sasa wanabebwa na vijana wasiojua breki ya mbele ni ipi. Mama mmoja wa kwetu kule ameshushwa kwa miguu siku nzima, kwa sababu mkwe wake aliapa hapandi tena baiskeli yoyote, zote ni za kuua.

Hayo ya jina langu ningeyameza. Lakini leo wanasema ni ajali ili wewe uingizwe kwenye nyumba ya Bernadeta. Sijui kama unao, dada. Ukiwa nao, Pastory ataupata, na Bernadeta ambaye hakumkosea mtu ataupata. Wameniita mimi muuaji ili wao waendelee kuua. Nakaa hapa natengeneza nyavu, nakaza kila fundo kwa hasira.

Sikuamrishi kitu. Kibanja ni chako, mdomo ni wako.

Mdogo wako,
Protase


Kamachumu, 6 Agosti 1989

Kwako mdogo wangu Protase,

Tumsifu Yesu Kristo, na leo nimeisema kwa moyo. U hali gani? Unakula? Bundala anasema umekonda.

Nilijua, Protase. Anayefua mashuka atakosaje kujua? Baiskeli ilikuwa nyepesi kuitaja, nami nikaitaja pamoja nao. Nilikukosea. Nimesema mara moja, usinidai niseme tena.

Nilimwendea Bernadeta nikamsomea barua yako jikoni kwake, yote, mpaka kwenye jina lake. Aliendelea kumenya ndizi. Alipomaliza alifuta kisu, akachukua ufunguo wa stoo aliokuwa amefungia kwenye pindo la kitenge, tukaenda.

Rangi ya kushoto ni nzima. Mshikio ni mzima, na zile nyuzi nyekundu ulizoufunga nazo hazijakatika hata moja. Kioo chekundu cha nyuma kipo. Bernadeta ndiye aliyelizungusha tairi polepole mpaka akafika pale palipolika, akapitisha kidole juu ya nyuzi. Nilikaa chini kwenye magunia ya kahawa nikalia kwa mara ya kwanza tangu tuzike, kwa sababu nilimsikia Kagaruki akicheka pale konani.

Jumapili wazee walikuja kupanga siku. Bernadeta na mimi tuliivuta baiskeli tukaiegemeza katikati yao. Mzee Nathanael akauliza hiki nacho kimeletwa kufanya nini. Nikawaonyesha kama ulivyoniandikia, hiki na hiki na hiki, wanaume wote wanaendesha baiskeli, hakuna aliyeweza kubisha. Pastory alisema mwanamke hawezi kujua mambo ya breki. Hapo nikasema ambacho hakuna aliyekuwa amekisema kwenye nyumba ile:

"Kagaruki hakuuawa na kona. Aliuawa na ukimwi, na huenda ninao. Pastory, ulikuwepo alipoambiwa. Bado unanitaka?"

Mzee mmoja alikohoa, mwingine akaulizia kofia yake. Pastory alimtazama mkewe kama anayeomba msaada, na Bernadeta akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba chumba hakijatandikwa na hakitatandikwa. Kisha wakaondoka, rubisi wameiacha kwenye vibuyu.

Kibanja watanitoa. Wamesema baada ya mavuno, kwa sababu nimeuaibisha ukoo. Wao hawakuona aibu kukuita muuaji, wala kuwalisha wake zao kifo, aibu wameiona mdomoni mwangu. Nitadai kwa baraza, nitadai kwa padre, nitadai mpaka wanichoke. Lakini kwanza lazima nijue nimebakiwa na nini.

Tangu Pasaka nakohoa, Protase. Miguu hainifikishi barabara kuu. Nataka kwenda Bukoba kupimwa, na sitashushwa na mtu mwingine. Njoo unishushe, baiskeli yako ninayo. Njoo siku ya gulio, asubuhi watu wakiwa wamejaa, tupite katikati yao mchana kweupe, mimi mjane wa Kagaruki nimefungwa mgongoni kwako. Wanione. Celina atabaki kwa Bernadeta.

Na pale kwenye kona usijivute kwa ajili yangu. Shuka unavyoshuka.

Dada yako,
Eufrazia


Bumbire, 15 Agosti 1989

Dada yangu Eufrazia,

Salamu nitakupa mwenyewe kwa mkono. Bundala anatangulia na barua hii, mimi nafuata na mtumbwi unaofuata, nimenunua tairi la nyuma. Lile la zamani usilitupe.

Siku ya gulio, sawa. Hatutapita nyuma ya kanisa, tutapita mbele ya maduka yote, na kengele nitaipiga.

Kunywa uji asubuhi, kidogo. Vaa viatu vya kufunga, miguu iwe mbali na spoki. Shuka litafutwe lile la bluu, nitalifunga mwenyewe. Ukisikia nyuma inaserereka usinishike shingo, nishike kiunoni, na nikilala upande mmoja lala nami. Kwenye kona ya jiwe jeupe tazama juu ya bega langu la kushoto, pale barabara inapotokea. Usifumbe macho. Muramu hakufumba.

Mdogo wako,
Protase