Siku Mtaa wa Nyundo Ulipokaa Kimya

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Wifi yangu wa huko hajambo, na watoto? Yule wa pili kifua kimemwachia, au bado anakohoa kila hali ya hewa ikibadilika? Sisi tu wazima. Mama anatembea vizuri. Goti linamsumbua pale tu anapotumwa asikotaka kwenda, maana siku ya harusi ya jirani halikuuma hata kidogo. Mimi ni yule yule. Nimepungua kidogo, na sijaolewa tena, kwa hiyo usianze.

Ujumbe wako wa simu ulifika. Niliusoma, kisha nikamsomea shemeji yako, mjane wa mdogo wetu, neno kwa neno. Umesema kelele hazimrudishi mtu. Umesema tumwachie Mungu, na kwamba wewe kama mkubwa wetu hutaki kuona familia ikizozana na polisi. Sikukujibu papo hapo kwa sababu jambo lenyewe haliingii kwenye simu. Tena ulipoandika ulikuwa na nusu ya habari. Mhariri wangu alinitoa kwenye habari hii mara tu alipojua marehemu ni ndugu yangu. Sikumlaumu, ningekuwa yeye ningefanya vile vile. Kwa hiyo gazetini imeandikwa na wengine, na wewe nakuandikia mimi.

Naanza na siku yenyewe. Msasa, kama mtaa mzima ulivyomwita mdogo wetu, alikuwa anamalizia mlango wa gari jeupe. Polisi walikuwa wanatafuta gari jeupe lililoibwa. Hilo alilokuwa analinyoosha ni la mwalimu mmoja aliyegonga nguzo, na mwalimu mwenyewe alikuwa dukani kwa shemeji yako akichagua kitambaa cha viti. Askari walishuka mwanzo wa mtaa. Msasa alikuwa amevaa barakoa ya kupulizia rangi, amewapa mgongo, anatembea kwenda kuwasha mashine ya kompresa. Koplo mmoja alimpigia kelele asimame. Hakusimama. Risasi ilimpata mgongoni.

Jioni msemaji wa polisi alisoma taarifa: mtuhumiwa aliamriwa kusimama, akakaidi, akajaribu kukimbia. Neno "mtuhumiwa" walilifuta baadaye, gari lilipoonekana si lile. "Kukimbia" nalo wakalifuta, maana mtaa mzima ulimwona akitembea. "Akakaidi" wakalishikilia, na ndilo lililobaki mpaka mwisho.

Wewe unaujua mtaa ule kuliko mimi. Nyundo kumi zinagonga bati kwa pamoja, grinda inalia, kompresa inanguruma. Pale hakuna anayeitwa kwa jina. Ukimtaka mtu, unamwendea na kumgusa bega. Mimi nilidhani kila mtu anajua hilo, kumbe wanaojua ni wa mtaani tu. Kwa wengine wote, taarifa ya polisi ilikuwa na maana kabisa: umeitwa, hukusimama, basi una lako jambo.

Baada ya mazishi, polisi walisema uchunguzi unaendelea. Koplo alikuwa anaendelea pia, kazini, na bunduki yake. Ndipo mafundi walipotoka. Hawakuwa na mabango, wakang'oa boneti za magari mabovu na kuziandika kwa rangi ya kupuliza: TUNATAKA JINA LAKE. ALIITWA AU ALIPIGWA? Wakazibeba vichwani hadi kituoni, na mvua ikawanyeshea, wao wakiwa wakavu chini ya boneti na askari wakilowa langoni. Siku iliyofuata madereva wa teksi waliungana nao, kisha washonaji, kisha wanafunzi wa chuo. Hakuna kioo kilichovunjwa. Nilihakikisha mwenyewe, nikitembea nyuma ya msafara kama mtu yeyote.

Katika haraka ile, boneti moja iliyobebwa ilikuwa ya mteja, nzima, imeletwa kurekebishwa mkwaruzo tu. Mwenyewe, dereva wa teksi, alifika amevimba kwa hasira, akaikuta imeandikwa HAKI kwa herufi nyekundu. Wakamwomba radhi na kumwahidi kuifuta. Akaizunguka, akaitazama, akasema, "Iacheni kwanza. Nitaileta kesi ikiisha." Mpaka leo anabeba abiria nayo, na anasema wanaongezeka.

Wakuu walipoona watu hawachoki, mahakama ikafungua uchunguzi wa kifo. Hakimu aliyepewa ni mama wa makamo, mwenye sauti ndogo na miwani anayoivua kila anapotaka kumkata mtu kauli. Koplo alitajwa jina mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Sitalirudia hapa, Mama huisoma meza hii kila ninapoinuka.

Suala lilikuwa moja tu: alisikia au hakusikia? Koplo alisema aliita kwa nguvu na kila mtu alisikia. Mafundi walisema hakuna aliyesikia kitu kabla ya mlio wa risasi. Wakili wa polisi akasema hao ni marafiki wa marehemu, wangesema nini kingine? Hakimu akavua miwani, akasema mahakama itahamia mtaani, ikajisikilizie yenyewe.

Sasa sikia walichofanya wenzako. Jeki ndiye mkubwa wa mafundi siku hizi, bado ana tumbo lile na kofia ile. Aliposikia hakimu anakuja, aliamuru mtaa ufagiliwe. Wakasogeza vyuma, wakafunga vifungo vya mashati hadi shingoni. Asubuhi ile akawasimamisha mstari na kuwaambia, "Leo hapa ni mahakamani. Nisisikie hata spana ikianguka."

Na hakuna spana iliyoanguka. Hakimu alikuta mtaa umetulia kama maktaba. Mafundi wamesimama mbele ya vibanda, mikono nyuma. Kwa adabu yao walikuwa wamemwondolea mdogo wetu ushahidi wote aliokuwa nao. Nililiona hilo mara tu niliposhuka kwenye gari, lakini mimi nilikuwa mtazamaji, sina ruhusa ya kufungua mdomo.

Fundi mmoja alivaa barakoa na kuwekwa pale alipokuwa Msasa. Akaambiwa atembee kwenda kwenye kompresa. Koplo akasimama alipokuwa amesimama siku ile.

"Polisi! Simama hapo hapo!"

Fundi akasimama. Sote tulisimama ndani ya viatu vyetu. Fundi redio wa upande wa pili wa barabara, asiyehusika kabisa, aliinua mikono juu.

"Mheshimiwa," akasema wakili wa polisi, taratibu, kama mtu anayefunga begi lake, "nadhani tumesikia wote."

Karani akaandika. Nikamtazama Jeki: jasho lilikuwa limeanza kumtoka chini ya kofia, ameelewa alichofanya. Alipiga hatua moja mbele, akairudisha. Mtu hakatizi mahakama.

Shemeji yako alikuwa mlangoni pa duka lake, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Unamjua, si msemaji. Kwenye maandamano hakusema hata neno, wenzake ndio waliomsemea. Alishuka ngazi, akamwendea hakimu. Askari mmoja alitaka kumzuia, hakimu akamwashiria amwache.

"Samahani, Mheshimiwa. Mimi ni mke wake. Nashona hapa tangu tulipooana. Leo ndiyo mara ya kwanza nasikia ndege wa mtaa huu."

Hakimu akatazama juu. Kweli, walikuwepo, wamejipanga kwenye waya wa umeme, wanapiga soga.

"Kwa kawaida inakuwaje?"

"Kwa kawaida tusingeweza kuongea hivi, mimi na wewe, hapa tulipo."

Wakili alianza kupinga. Miwani ikavuliwa. Hakimu akamgeukia Jeki.

"Wewe ndiye mkubwa wao? Mbona hamfanyi kazi?"

"Tumekuheshimu, Mheshimiwa."

"Nashukuru. Sasa nidharauni kidogo."

Walisita. Walitazamana kama watoto walioambiwa wacheze mbele ya wageni. Jeki akaokota nyundo, akagonga mlango wa gari mara moja, kwa aibu. Akagonga tena. Aliye kando yake akafuata, kisha grinda ikalia, mtu akawasha kompresa ya kibanda kingine, ndege wakaondoka wote kwa pamoja, na mtaa ukarudi kuwa ule unaoujua.

Yule fundi wa barakoa alirudishwa mwanzo. Akaanza kutembea. Nilimtazama koplo usoni, kaka, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu na sikutaka kuja kusema nisichokiona. Mdomo ulifunguka. Mishipa ya shingo ilisimama. Akaita, akaita tena. Sikuona mtu katili. Niliona kijana wa rika la mdogo wetu anayepiga kelele kwa nguvu zake zote na kugundua kwamba hasikiki. Fundi alifika kwenye kompresa, akaiwasha kama alivyoagizwa, kisha akageuka na kuuliza kwa mikono: tayari?

Hakimu alitaka kelele zikome. Akasema kitu. Karani akamtegea sikio, akatikisa kichwa. Karani akapaza sauti, hakuna kitu. Wakili wa polisi mwenyewe akapaza sauti, na yeye ana sauti ya kanisani. Nyundo ziliendelea. Mwishowe hakimu akainua joho lake lisiburuzwe kwenye mafuta, akapita katikati ya magari, akaenda hadi kwa Jeki na kumgusa bega.

Jeki akageuka pale pale.

Matokeo nadhani uliyasikia, lakini pengine nusu nusu. Hakimu aliamua kwamba hakuna kinachoonyesha marehemu alisikia amri yoyote, na kwamba askari aliyetaka kumsimamisha alikuwa na nafasi ya kumfikia bila risasi. Jalada likaenda kwa mwendesha mashtaka. Watu waliendelea kukaa nje ya ofisi yake, kwa zamu, na boneti zao, mpaka koplo aliposhtakiwa. Amesimamishwa kazi akisubiri kesi. Kesi inaanza mwezi ujao.

Nimalizie na hilo la Mungu. Shemeji yako hajakasirika. Amesema tu kwamba Mungu amempa hakimu, mtaa na mdomo, na hajamwambia arudishe chochote.

Najua pia unachoogopa, na hujakosea kuogopa. Kuna bwana mmoja alikuja kwa Mama na gari zuri, akajiita rafiki wa familia, akasema mambo haya yakikuzwa sana yanaweza kuwaumiza watoto. Mama alimkalisha kwenye kile kiti kinachoyumba. Akamuuliza ni mtoto wa nani, mama yake anaishi wapi, ameoa, ameacha, kwa nini, na je, mama yake anajua kazi anayofanya. Bwana alikuja kututisha, akahojiwa. Chai hakumaliza. Wakili wetu tumempa namba ya gari lile, naye ameipeleka mahakamani.

Sasa ombi. Wakili wa koplo atadai kwamba hii habari ya kuguswa bega ilitungwa baada ya kifo. Mafundi wote ni marafiki wa marehemu, mimi ni dada, na shemeji yako ni mke. Wewe ulihama zamani. Wewe ndiye uliyemleta Msasa mtaani akiwa bado anavaa kaptula, na siku ya kwanza ukamwonyesha kwamba hapa mtu haitwi, anaguswa. Mwendesha mashtaka anataka useme hayo kwa njia ya video, kwa maneno yako mwenyewe. Hutahitaji kusafiri, wala hutasema usichokijua.

Shemeji yako ameniagiza nikuandikie wazi. Hakusema nikuombe ruhusa ya kuendelea na kesi. Amesema nikujulishe kwamba anaendelea, kisha nikuulize kama utakuwepo upande wa pili wa skrini.

Jambo moja dogo. Binti wa Msasa, yule mdogo, mwalimu wake ameniita shuleni. Analalamika kwamba mtoto hawezi kuzungumza na mtu bila kumgusa bega kwanza, hata darasa likiwa kimya. Nilicheka, kisha nikakumbuka zile simu zako za video za Jumamosi. Kabla hajakuamkia, huwa anaweka kidole kwenye kioo cha simu, kando ya shingo yako. Ulidhani anacheza. Mimi pia nilidhani hivyo.

Nisalimie wifi na watoto wote. Mama anakusalimu, anauliza kama unakula. Jeki anakusalimu, anasema bisibisi yake uliyoondoka nayo bado anaikumbuka. Shemeji yako anakusalimu kwa heshima. Mungu akulinde katika kazi na safari zako, na akupe ulimi mwepesi siku ya kuitwa. Ukipiga simu mchana, piga kwa shemeji yako na usubiri. Asiposikia mlio, kuna mtu atamgusa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata tunapobishana.