Hondohondo Aliyechelewa

Mama Zuhura mpenzi,

Natumaini wewe na mtoto wetu mchanga hamjambo. Hapa Mikumi mvua imekatika. Leo tangu alfajiri nimeutazama mti wenye tundu. Humo hondohondo jike amejifungia kwa udongo pamoja na makinda, na dume ndiye huwaletea chakula kupitia ufa mwembamba. Filamu ya kamera yangu ilibakiza picha moja tu.

Hadi saa sita dume hajaonekana, na makinda wanalia. Ndugu Chuma, askari wa hifadhi, akaninong'oneza, "Labda tai kamla."

Nikawawaza ninyi wawili.

Mara dume akatua, panzi mdomoni. Nikabonyeza kamera.

"Umempata?" Ndugu Chuma akauliza.

Nikafuta machozi. Nimeomba ruhusa kazini. Jumamosi nitakuwa nyumbani, nikukorogee uji mimi mwenyewe.

Akupendaye,
Baba Zuhura