Mita Thelathini za Waya Mwembamba

Karatina,
Jumatatu asubuhi.

Dada yangu mpendwa Mshai,

Nianze kwa kukuomba radhi. Miezi minne imepita tangu uliponiandikia. Barua yako iko hapa mezani, nimeikunja na kuikunjua mpaka mikunjo yake imeanza kupasuka, na bado hujapata jibu. Simu nilizokupigia zilikuwa fupi, za kuuliza afya na kukata. Sikuwa mgonjwa, wala sikuwa na shughuli iliyonizuia. Nilikuwa na jambo la kusema nikawa sitaki kulisema. Leo nitalisema, lakini kwanza nikujulie hali.

Hujambo wewe na shemeji Mwadime? Mgongo wake umepona, au bado anapanda mteremko wa shambani akiushika? Mvua zimefika huko Mgange? Na Mama je, anakula mwenyewe au mpaka umsimamie? Tafadhali nijibu maswali haya moja baada ya jingine. Usiniandikie "wote wazima" na kufunga bahasha, kama ulivyozoea.

Sisi huku tu wazima kiasi cha kutembea. Baridi ya mwaka huu ni kali. Mlima hatujauona kwa wiki ya tatu sasa, na ukungu unashuka mpaka sokoni, hata wauza viazi wanajifunika magunia yaleyale wanayouzia. Magoti yangu yananisumbua asubuhi, kisha yakipata jua yananisamehe. Wifi yako Wangari amemaliza kuchuma kahawa yake kidogo, na sasa anapata nafasi ya kunikosoa kutwa nzima. Miaka arobaini nimeishi kwao, na bado nikivaa makoti mawili anawaambia majirani kwamba mumewe alitoka nchi ya joto.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Mwanao Mwakio alipoileta ile redio kubwa kabla ya kurudi kazini Doha, aliiacha na nyaya fupi, kila mmoja hauzidi urefu wa mkono. Kwa hiyo spika zote mbili zilikaa sebuleni, kando ya mashine, na Mama alikuwa chumbani kwake, mwisho wa nyumba. Ile redio yake ndogo ya betri ilikuwa haimtoshi tena. Wewe mwenyewe uliniambia alisema inamlilia kama mbu. Alitaka vitu viwili tu: ibada ya Jumapili, na matangazo ya vifo, ili ajue katika rika lake amebaki na nani. Ukaniomba nikutafutie nyaya ndefu za kuzifikisha spika chumbani kwake, kwa kuwa mimi niko karibu na maduka na wewe uko mlimani. Ukataja urefu: mita kumi na tano kwa kila spika. Ukaongeza, "Kaka, usitumie fedha nyingi." Maneno hayo ya mwisho niliyashika kuliko yote.

Nilikwenda kwa Bwana Pravin, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Baba yake aliuza misumari katika duka hilohilo. Nilimwonyesha roli ya waya mwembamba iliyokuwa juu ya rafu, ambao ncha yake ilikuwa na rangi nzuri ya shaba.

"Waya ya nini, Mwalimu?" aliniuliza. "Ya kengele ama ya spika?"

"Nipimie mita arobaini na tano," nikamjibu. Mita thelathini zilikuwa zenu, na kumi na tano za akiba, maana mimi huwa sinunui kitu bila akiba.

"Kama ni ya spika, na ni mbali, chukua nene. Hii ni ya kengele ya mlango."

"Bwana Pravin, sikukuuliza unene."

"Sawa, Mwalimu. Mimi nauza waya kila siku, wewe nauza kitabu." Akaupima kwenye ile rula ya chuma iliyopigiliwa mezani, akaukata, akaufunga.

Niliona ananiingilia. Mambo ya nyumba ya mama yangu siyo ya kujadiliwa mbele ya watu wanaonunua saruji. Niliupakia mzigo katika basi siku hiyohiyo, nikaandika na maelekezo kwa herufi kubwa: nyuzi hizi zifungwe hapa, hizi pale. Nilijiona nimefanya kazi safi, tena kwa bei ndogo.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Mlizifunga, spika zikawekwa chumbani, moja karibu kabisa na mto wa Mama. Halafu ikaja barua yako. Uliandika kwamba alisikiliza siku mbili, siku ya tatu akasema muizime. Alisema, "Ikiwa kitu kiko kwenye mto wangu na sikisikii, basi masikio yangu yamekwisha. Msinifungulie tena." Uliandika kwamba hakulia, na kwamba tangu siku hiyo hajauliza nani amefariki.

Na mimi nilikujibu nini? Nilikupigia simu nikasema, "Umri ni umri, Mshai. Tumshukuru Mungu kwa miaka aliyosikia." Nakumbuka nilivyolisema hilo, kwa sauti ile ninayotumia nikitaka mazungumzo yaishe.

Wiki mbili baadaye redio yangu mwenyewe ilianza kukoroma, nikaipeleka kwa Muriithi, fundi mwenye kibanda nyuma ya soko. Ni mtu wa maneno mengi, na Kiswahili chake kingenifanya nimrudishe darasa la nne, lakini mikono yake ni ya kuaminika. Nilikuwa nimebeba zile mita kumi na tano za akiba, nikidhani zitamfaa. Alizishika, akazipima uzito kiganjani, akacheka.

"Mwarimu, hii umetoa wapi?"

"Dukani. Ni shaba."

"Ati shaba!" Akachukua wembe, akaukwaruza uzi mmoja, akanisogezea karibu na macho. Rangi ya shaba ilikuwa juu tu, kama chai iliyomwagika juu ya sahani. Ndani ulikuwa mweupe. "Hii ni arumini, imepakwa rangi. Na ni nyembamba hivi! Hii ni ya kengere, mtu abonyeze mrango, iseme tii, basi. Si ya kubeba muziki."

Nikamwambia kwamba waya ni waya. Sauti ikiingia upande mmoja itatoka upande wa pili.

"Haya, wacha tuone."

Alifunga spika yake kwa waya mfupi, akafungua stesheni. Mtangazaji aliongea mpaka mama mboga wa kibanda cha pili akageuka. Kisha, bila kugusa kitufe cha sauti, akauondoa ule mfupi na kuufunga wangu, wote mita kumi na tano. Mtangazaji yuleyule akawa kama mtu aliyefunikwa blanketi. Nilisogeza sikio. Maneno nilikuwa nayapata kwa kuyakisia. Muriithi alipopandisha sauti, ikaanza kukwaruza.

"Umeona? Nguvu inaishia kwa njia. Waya ikiwa ndefu, razima iwe nene. Ikiwa ndefu na nyembamba, spika inabaki na njaa." Akanitazama. "Kwani urikuwa umefungia nani?"

Niliketi kwenye debe lake.

Mshai, masikio ya Mama hayajaisha. Ni mazito, hilo tunalijua, na kwa sababu sote tumezoea kupaza sauti tukisema naye, hakuna aliyeshangaa kwamba redio imemshinda. Lakini kilichomshinda ni waya wangu. Nilimpelekea nusu ya sauti, na yeye akaihesabu nusu iliyopotea kuwa ni ya kwake.

Nilipomweleza Wangari, aliendelea kuchambua maharagwe kwa muda. Kisha akasema, "Wewe umesahihisha watu maisha yako yote. Mzee wa kanisa akisoma tangazo unamsahihisha hata kabla hajaketi. Sasa lako nani atalisahihisha? Andika barua." Nilisema nitaandika kesho. Kesho hiyo imechukua muda mrefu. Hiyo ndiyo sababu ya ukimya wangu, sina nyingine.

Sikukaa bure, hata hivyo. Nimeuliza, na safari hii nimesikiliza. Juzi nilikwenda Nyeri katika duka moja la vyombo vya muziki. Kijana wa hapo alinionyesha waya mnene wenye ngozi ya plastiki inayong'aa, vichwa vyake vimepakwa dhahabu. "Guka," akaniambia, yaani babu, "hii ukiweka, besi inatingisha mpaka mabati. Jirani atakuja kuuliza kama kuna harusi." Nilimuuliza kama itamfaa mwanamke mzee anayetaka kusikia matangazo ya vifo. Akaurudisha kwenye rafu. Bei yake ni ya mbuzi wawili wazuri.

Nilimpa Muriithi habari za dhahabu hiyo, akacheka tena. "Masikio haioni dhahabu, Mwarimu. Nunua unene, usinunue maneno." Anasema waya wa kawaida wa shaba tupu, ule wa nyuzi nyingi ndogo na wa pande mbili, mmoja mwekundu na mmoja mweusi, unatosha kabisa. Kama umbali ni wa mita kumi hivi, unene wa milimita moja na nusu utafanya kazi. Ukifika kumi na tano au kuzidi, ni heri mbili na nusu. Tofauti ya bei kati ya unene huo na huu si ndogo kwa mtu wa pensheni, ndiyo maana nataka vipimo vya kweli kabla ya kukata.

Anasema pia kwamba kwa mahubiri na habari si lazima spika zote mbili ziende chumbani. Moja inatosha, ya pili ibaki sebuleni na waya wake mfupi, kwa ajili ya akina mama wa maombi wa Jumatano. Tukifanya hivyo tutanunua nusu ya waya, na nusu hiyo nitaweza kuinunua ikiwa nene. Mimi naelekea kukubali hilo. Lakini spika ni za Mama, na chumba ni chake. Tangu Baba afariki ndani yake hakuna aliyehamisha hata kiti bila yeye kusema. Safari iliyopita tuliamua bila kumuuliza. Safari hii aulizwe.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili, na uyafanye kwa utaratibu huu.

La kwanza: chukua kamba ya katani, uianzie nyuma ya mashine, uipitishe pale waya utakapopita hasa. Ipande ukutani, ipite juu ya fremu ya mlango, ishuke mpaka kando ya kitanda. Usiipitishe sakafuni, fimbo ya Mama itanasa, wala usiifuatishe na waya wa umeme wa taa. Ukifika mwisho ongeza urefu wa mkono mmoja, kisha funga fundo na ukate. Usiniandikie tarakimu. Zile kumi na tano ulizoniandikia mara ya kwanza nashuku ulizikadiria kwa macho ukiwa jikoni. Nitumie kamba yenyewe katika bahasha, nitaipeleka kwa Bwana Pravin tuilaze juu ya rula yake. Nimekwisha kumtembelea. Aliponiona mlangoni alisema, "Karibu, Mwalimu. Leo nipime, ama niulize kwanza?" Nilimwambia aulize. Aliuliza mengi.

La pili ndilo kubwa, na halihitaji waya wowote mpya. Ng'oa zile nyaya zangu zote, uzitupe. Mwombe shemeji Mwadime aibebe mashine yenyewe mpaka mlangoni mwa Mama kwa asubuhi moja tu, kisha msogeze spika karibu nayo na kuzifunga kwa nyaya fupi za Mwakio. Mwombe Mama ruhusa kwanza; mwambie ni mimi ninayemwomba. Ngojeni saa ya matangazo ya vifo, mfungue, na wewe unyamaze. Usimrudilie jina lolote sikioni. Akilitaja jina yeye mwenyewe, au akisema fulani alikuwa mwana wa fulani wa kule Werugha, basi utajua, na yeye atajua.

Hapo ndipo umwambie. Usiseme mashine iliharibika wala usiseme ni mambo ya umeme. Mwambie masikio yake yako palepale alipoyaacha, na kwamba mwanawe Mwambi alinunua waya mbaya kwa kuwa aliulizwa dukani akakataa kujibu. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki. Akicheka, niandikie alicheka namna gani. Kisha muulize kama anataka spika moja au mbili, na wapi.

Msalimu shemeji Mwadime, mwambie abebe mashine kwa magoti, si kwa mgongo. Msalimu binamu yetu Mkawasi anayemfulia Mama nguo. Kanga niliyomwahidi iko kwa Wangari, itakuja na waya. Mwanao Mwakio akipiga simu kutoka Doha, usimweleze haya yote, nitamweleza mwenyewe.

Wangari anakusalimu, anasema anaisoma barua hii juu ya bega langu na hajaona kosa bado.

Kamba yako ikifika, na jibu la Mama likiwa pamoja nayo, nitaamua ni unene upi na ni spika ngapi. Siku nitakayoamua nitaketi hapa nikuandikie, siku hiyohiyo, kabla ya kwenda dukani. Na barua hiyo, Mshai, usiisome kimya. Msomee Mama kwa sauti yako ya kawaida.

Ni mimi, kaka yako,
Mwambi